Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Somo: 2 Samweli 23:13-17



Jumapili moja, ibada ya kwanza, watoto walikaa nje ya darasa lao dakika arobaini kwa sababu mwalimu hakufika. Jioni niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu kwamba kazi ya Mungu haitaki ulegevu. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Jumapili iliyofuata mwalimu hakuja. Wala iliyofuata.

Nilimtembelea kwake Kawangware. Akanipa chai, kisha akasema bila hasira: "Pasta, miaka minne nimefundisha hao watoto. Siku hiyo mvua ilinyesha, nauli ya 46 ikapanda, na simu haikuwa na kredo. Siku niliyokosa ndiyo siku mlijua niko."

Nilinyamaza. Nina digrii ya biashara. Chuoni tulisoma namna ya kuajiri watu, kuwalipa na kuwaachisha kazi. Kumwongoza mtu nisiyemlipa sikujua, na sikuwahi kuuliza. Nilidhani upako utatosha.

Swali ni hili: anayejitolea anatudai chochote? Wengi watasema hapana, anamtumikia Mungu, na thawabu yake iko mbinguni. Kuhusu thawabu ni kweli. Lakini hebu tuangalie jambo moja. Katika ofisi za huko mjini, meneja mbaya hufunikwa na mshahara. Watu humvumilia kwa sababu ya kodi ya nyumba. Sisi kanisani hatuna mshahara, lakini tuna kitu chenye nguvu zaidi, yaani hofu ya Mungu. Mtu akichoka na mipango yetu mibovu, tunamwambia amemwacha Bwana. Kumbe ametuacha sisi! Hapo tumelitaja bure jina la Bwana, tukafunika uzembe wetu nalo.

Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti walikuwa wamepiga kambi huko. Mashujaa watatu wakapenya, wakamletea. Hakuwaamuru, wala hakuwalipa. Je, aliyapokea, akasema asanteni, akanywa? Hapana. Katika maji yale aliona damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana. Huduma ambayo hujailipia si ya bure. Kuna mtu ameilipia, na kiongozi ni lazima ajue bei aliyolipa.

Mtu atauliza: tukirudisha nauli, si itaacha kuwa sadaka? Sadaka ni ya mtoaji kuitoa, si ya kiongozi kuidai. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii wamepita nyumba kwa nyumba katika mitaa yetu wakijitolea. Mwaka wa 2023 sheria ya afya ya msingi iliwatambua, na Septemba mwaka huo serikali ikazindua mikoba ya vifaa kwa zaidi ya wahudumu 100,000, pamoja na mpango wa posho ndogo. Je, mama anayemfuata mgonjwa wa kisukari hadi mlangoni amepoteza huruma kwa sababu ya mkoba na posho? Mimi sioni hivyo.

Mzee mmoja aliniambia, "Pasta, usituletee mambo ya ofisi. Roho ndiye mwalimu." Namheshimu. Lakini Musa alisema na Mungu kwenye kijiti kilichowaka moto, na bado Yethro mkwewe ndiye aliyemwonyesha kwamba namna anavyofanya kazi itamchosha yeye pamoja na watu (Kutoka 18). Musa hakuona haya kufundishwa.

Kwa hiyo mafunzo yanaanza na sisi viongozi wa idara, Jumamosi nne mfululizo. Tutajifunza kumweleza mtu kazi kabla ya kumpa, na kuandika inaanza lini na inaisha lini. Kila darasa liwe na walimu wawili. Tupige simu kabla ya kukemea, na tukikemea iwe faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Nauli itoke kwenye bajeti ya idara bila mtu kubembeleza. Nawe unayehudumu, deni lako lipo pia: ukikwama, tafuta njia ya kutujulisha mapema. Watoto wale walingoja kweli.

Dada yule nilimwomba msamaha nyumbani kwake, kisha nikauomba kwenye kundi lile lile nililomwaibishia. Bado hajarudi darasani. Huja ibada ya pili, hukaa nyuma. Sijamwuliza atarudi lini. Ana haki ya kupumzika bila kuitwa mwasi.

Tuombe: Bwana, tufungue macho tuone bei ya maji tunayoletewa kila Jumapili. Amina.