Kupanda Katika Ardhi ya Mwingine

Kama umewahi kuhama chumba ulichokizoea, utaelewa upesi swali ninalotaka tulitazame pamoja. Mtu asiye na ardhi ana wajibu gani kwa udongo anaoukanyaga? Mwenye shamba hulitunza shamba lake kwa kuwa atavuna yeye au watoto wake. Lakini mpangaji, ambaye hulipa kodi mwezi kwa mwezi na hajui mwezi ujao utamkuta wapi, kwa nini ajitaabishe kurutubisha mahali pa mwingine?

Swali hili si la kubuni. Limo Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi. Kibera ilipewa jina na Wanubi, askari wa King's African Rifles waliokaa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa lugha yao maana yake ni msitu. Msitu ulikwisha zamani. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, na Wanubi wenyewe walingoja hadi 2017 kupewa hati ya ekari 288. Kawangware, upande wa Dagoretti, ilikuwa mashamba ya Wakikuyu kabla mji haujaifikia, na leo ploti zake zina wenyewe. Kule mwenye ardhi ni serikali, huku ni mtu. Kwa mpangaji tofauti ni ndogo, maana kote hana chake.

Watu wa mitaa hii wamejifunza kupanda mboga katika magunia. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kufunga njia na kupandisha bei ya chakula, bustani hizo zilienea sana Kibera. Gunia husimamishwa wima, likajazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati hujengwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini. Nguzo hujengwa kwa kopo lisilo na kitako: kopo hujazwa mawe, udongo hushindiliwa kandokando, kisha kopo huvutwa juu na kazi ikaanza tena. Ubavuni hutobolewa matundu, na katika kila tundu hupandikizwa mche wa sukuma wiki au spinachi. Anayeanza huweza kukosea mahali pawili. Huenda akaacha mawe, maji yakatuama juu na mizizi ya chini ikafa kwa kiu; au huchota udongo kando ya mtaro wa maji machafu, na kosa hili ni baya kuliko lile, kwani mtu huweza kuwalisha watoto wake sumu kwa mkono wa upendo.

Gunia ni mlango wa elimu pana zaidi. Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu juu ya kilimo walichokiita kwa jina lililoungwa kwa maneno mawili, kudumu na kilimo. Shina la mafundisho yao ni kwamba bustani iuige msitu: udongo usiachwe uchi, takataka za jikoni zirudi kuwa mbolea, na mimea iishiyo miaka mingi ipewe nafasi ya mbele. Nacheka kidogo niandikapo, nikilikumbuka jina la Kibera.

Mwanafunzi wa kilimo hiki huambiwa kwanza atazame, misimu yote, jua lipitapo na maji yakimbiliapo, kabla ya kupiga jembe. Ni fundisho jema, lakini lamfaa mtu mwenye hakika ya mwaka mzima. Mkazi wa Kibera amekwisha kujua maji yaendako. Masika moja yakimwingilia mlangoni yamemfundisha. Asichokijua ni kama atakuwapo. Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaondoka. Kilimo cha kudumu kidumu wapi hapo?

Tena kuna jambo la mti. Pwani, tangu zamani, ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule. Ndiyo sababu wenye mashamba waliwaruhusu wengine kupanda mihogo, wakawakataza miti ya kudumu. Mti ni kama sahihi. Nairobi haina desturi ya minazi, lakini hofu ni ile ile: mparachichi ukisimama uani, mwenye ploti ataka kujua nani aliuruhusu.

Mtu wa hesabu atasema, basi acha. Ua ukipendeza kodi itapanda, nawe utakuwa umejipandia kodi. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Lakini maganda ya viazi yasipogeuzwa mbolea hutupwa mtaroni, na mtaro ukiziba maji huingia chumbani kwa jirani. Hapo haulizwi mwenye hati. Naona wajibu huu hutoka katika kukaa pamoja: aliyekaa mahali mwezi mmoja amekwisha kula na kutupa mahali hapo, na ana deni la mwezi mmoja.

Walakini deni lake lisitusahaulishe deni la mwingine. Siwapendi watu wanaoyasifu magunia, wakapiga picha ya mboga na kwenda zao. Gunia ni ushahidi wa akili ya aliyelipanda, na ni ushahidi pia wa ardhi aliyonyimwa. Mwaka 2015 Nairobi ilitunga sheria ya kukuza kilimo cha mjini. Ni sheria njema, ila haimwambii mpangaji atakaa mpaka lini. Neno hilo anadaiwa na yule apokeaye kodi, pamoja na ruhusa ya kuvuna alichokipanda hata baada ya kuambiwa ahame.

Husemwa kwamba gunia lina faida ya kuhamishika. Jaribu kuliinua lililolowa maji! Siku ya kuhama mkokoteni hubeba kitanda, jiko na sufuria, gunia hubaki. Mwenye bustani huchuma majani ya kupikwa jioni ile, akakata vichipukizi vichache vya kupandikiza aendako, kisha humpa jirani wa mlango wa pili lile kopo lisilo na kitako, na kumwonyesha upande ambao matundu hukauka upesi.