Musa Hakupewa Maziwa

Somo: Hesabu 11:10–17



Jumapili iliyopita, tulipomaliza kuwaombea watoto wachanga, kijana mmoja wa shule ya Jumapili alinivuta koti pale nje akaniuliza, "Pasta, kama baba pia ana chuchu, mbona hanyonyeshi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana Musa alimtangulia kwa swali hilo, tena yeye aliliuliza kwa uchungu.

Isomeni sura hiyo polepole nyumbani. Watu wanalilia nyama, kila mmoja mlangoni pa hema lake. Musa amechoka. Anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu wale, hata aambiwe awabebe kifuani kama mtoto wa kunyonya. Musa alijua kwamba mimba na maziwa ni kazi moja.

Na ndivyo tulivyoumbwa, wapendwa. Chuchu huanza kuumbika mapema sana tumboni, kabla mwili wa mtoto haujashika njia ya kiume au ya kike. Ndiyo maana wanaume tunazo. Lakini matiti ya mama hutayarishwa na mimba yenyewe: homoni zake huyakuza miezi yote, na kondo la nyuma likishatoka, maziwa huanza kujaa. Baba hakupitia njia hiyo, wala fahali, wala beberu aliyefungwa pale kwako. Mwaka 1994 wanasayansi waliandika kuhusu popo dume wa Malaysia waliokutwa na maziwa kidogo, lakini hakuna aliyewaona wakinyonyesha.

Sasa, Mungu alimjibu Musa vipi? Hakumpa matiti. Alimwambia akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya Roho iliyokuwa juu yake akawatia wao, ili wabebe mzigo pamoja naye. Mnanielewa? Asiye na maziwa hakuambiwa aende zake.

Naomba niseme habari yangu, na mama watoto amenipa ruhusa. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa nilikuwa nalima nyanya, na jioni nahubiri. Mtoto akiwa na wiki 3 nilienda kwa mkutano wa injili siku nne. Niliporudi nikakuta mtoto analia, mama analia, maziwa yamepungua. Mimi, mtu wa Roho, nikamwekea mke wangu mikono nikaanza kukemea pepo wa ukame! Nilikemea mpaka jasho likanitoka.

Mama yangu alikuwa amekaa pale jikoni. Akaningoja nimalize, akaniuliza, "Nani alichota maji jana?" Nikanyamaza. "Nani alimwagilia nyanya?" Nikanyamaza. "Basi huyu mtoto alinyonya saa ngapi?"

Wapendwa, hakukuwa na pepo. Baadaye muuguzi wa kliniki alinifafanulia jambo ambalo mama yangu alilijua bila kusomea. Maziwa hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akinyonya mara chache, mwili unapunguza. Tena kuna homoni inayoyasukuma yatoke, na hofu, uchovu na machozi huizuia. Mke wangu alikuwa anabeba mitungi kutoka kwa mfereji wa Yatta, anapinda mgongo shambani, na usiku hana wa kumpokea mtoto. Maziwa sikuwa nayo, sawa. Lakini mikono ya kubeba mtungi nilikuwa nayo.

Hata mbwa mwitu wetu wa Laikipia na Tsavo wanatushinda hapo. Jike akiwa shimoni na watoto, madume huenda kuwinda, wakirudi wanatapika nyama ili yeye na watoto wale. Hakuna aliyewahubiria.

Kuna baba ataniambia, "Pasta, mimi natafuta pesa." Tafuta, ndugu yangu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 yenye mshahara, na wengine wetu tunaitumia kujenga au kukaa sokoni. Wa boda boda na wa shamba hana wa kumpa likizo ila yeye mwenyewe. Na wahudumu wa afya wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Angalia hesabu hiyo: miezi 6 kwa wiki 2. Ndiyo maana Musa alihitaji wazee, na ndiyo maana mama mzazi wa kanisa hili hawezi kuachiwa mume peke yake, sembuse yule aliyekimbiwa na mume.

Tuna kina mama wanne waliojifungua mwezi huu, na mmoja hana mtu nyumbani. Wanaume, shemasi atakaa mlangoni na daftari baada ya ibada. Zamu ya maji ni asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Jina langu liko Jumanne. Njoo na mtungi wako.