Jiwe Lenye Uhai

Kosa ninalotaka kukusimulia ni dogo. Ni dogo kiasi kwamba hata ningefikishwa mbele ya hakimu, huenda angecheka na kuniambia nirudi nyumbani. Lakini limenikaa rohoni kuliko makosa yangu makubwa, nami nimeona heri nilitoe hapa tulipime pamoja.

Ilikuwa Jumamosi. Tulipanda boti Kunduchi tukavuka hadi kisiwa cha Mbudya, mimi, rafiki zangu wawili na mdogo wangu wa miaka 12. Nilikuwa nimeazima miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia na mapezi ya mpira, basi nikajiona bingwa. Kabla hatujaingia majini, mzee aliyetuvusha alitoa neno moja tu: "Mkichoka laleni chali. Msisimame juu ya matumbawe." Tukaitikia "Sawa mzee," kama abiria anavyomwitikia kondakta huku akitazama dirishani.

Haikupita nusu saa nikachoka. Maji yaliniingia puani, nikatapatapa, mguu ukatafuta pa kukanyaga, ukapata. Chini ya pezi nikasikia kitu kimevunjika, ko! Mpaka hapo sijilaumu sana, maana anayeogopa kuzama hachagui pa kushika. Lakini pumzi iliporudi sikuondoka. Nilibaki nimesimama palepale, nikarekebisha miwani, nikawapungia mkono wenzangu waliokuwa chini ya mivinje. Nilipogeuka, mdogo wangu naye alikuwa amesimama kando yangu.

Mimi nikalala majini nikaondoka. Mzee alipotazama akamwona dogo peke yake, akamfokea mbele ya watu wote. Nami nikanyamaza. Wakati wa kurudi, mtoto akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, mbona hukusema?"

Tangu siku hiyo nimejitetea moyoni mara nyingi. Nitakueleza utetezi wangu mmoja mmoja, nawe uamue.

Kwanza nilisema: lile ni jiwe tu. Na kweli lugha yetu inanisaidia. Sisi wa pwani neno matumbawe tunalijua pia kwa ujenzi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa matumbawe, nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja vilevile, na tumeyachoma tanurini tukapata chokaa. Lakini tumbawe lililo hai si jiwe. Ni mji wa wanyama wadogo laini, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao wamekaribisha viumbe vidogo vya jamii ya mwani, visivyoonekana kwa macho, vinavyowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Yale manene ya mviringo mengi huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: tumbawe lenye kimo cha mdogo wangu limekuwapo tangu bibi yetu hajazaliwa. Lile nililolivunja lilikuwa la matawi, ambalo hukua upesi zaidi, lakini hata hilo halikuota wiki iliyopita.

Utetezi wa pili ukaja: mguu wangu ni nini mbele ya maangamizi makubwa? Pwani hii kwa miaka mingi watu walivua kwa baruti. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kuanzia huku kwetu hadi visiwa vya mbali vya Bahari ya Hindi. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kuwa matumbawe ya dunia yanapauka tena, kwa mara ya nne kwa kiwango hicho. Sasa mimi na pezi langu la kuazima nina dhambi gani?

Utetezi huu ulinitosha kwa muda mrefu, mpaka siku moja nilipokwenda kumtazama mgonjwa. Hakuna anayeingia wodini akamkanyaga mgonjwa mguu, kisha akasema, "Kwani si malaria ndiyo inayomuua?" Kinyume chake, mgonjwa ndiye tunayempisha zaidi. Mwamba uliochoshwa na joto unaweza kupona, lakini unahitaji nafasi na muda. Kwa hiyo ukubwa wa kosa la wengine haulipunguzi langu, bali unalizidisha.

Utetezi wa tatu ni ule unaopendwa vijiweni: eti haya ni masharti ya Wazungu, sheria za watalii. Wazee wetu si wanatembea juu ya mwamba maji yakipwa, wakitafuta pweza? Ni kweli wanatembea. Lakini anayetafuta pweza anatafuta kitoweo cha watoto, mimi nilikuwa natafuta kupungiwa mkono. Tena usidhani watu wa pwani wanangoja mgeni awafundishe kujizuia. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walikubaliana miaka ya 2000 kuacha sehemu ya bahari yao isivuliwe, wakaiita tengefu. Mtu anayeishi kwa samaki amejinyima samaki! Mimi niliyeshindwa kujinyima kusimama dakika 2, nitamwambia nini?

Ukishafika hapo, masharti yenyewe ni mepesi. Kama huogelei vizuri, vaa jaketi la kuelea, hakuna aibu. Mapezi yako yawe mbali na mwamba. Samaki usiwatupie mkate, kasa usimkimbize, kombe liache lilipo. Boti ifungwe kwenye boya, nanga isitupwe juu ya matumbawe. Vaa fulana badala ya kujipaka mafuta ya kukinga jua. Hawaii imepiga marufuku kuuza baadhi yake tangu 2021.

Lakini narudi kwenye swali la dogo. Nimegundua kwamba tawi lile sikulivunja peke yangu, na sharti lile pia sikulivunja peke yangu. Mzee alisema neno, mimi nikaonyesha tendo, na mtoto akafuata tendo. Chini ya maji hakuna anayeweza kukufokea. Kinachobaki kuwa sheria ni kile anachokiona mwenzako ukikifanya. Kisha juu ya maji, niliponyamaza, nikamfundisha somo la pili, baya kuliko la kwanza: kwamba mkubwa akikosea, mdogo ndiye hulipa.

Mwezi uliofuata tulirudi Kunduchi. Nikamwamkia mzee, nikamwambia mbele ya mdogo wangu kwamba aliyetangulia kusimama siku ile ni mimi. Alinitazama, akamtazama dogo, akasema, "Basi leo yeye ndiye atakuongoza. Ingieni." Dogo hakucheka. Alikaza kamba za jaketi lake, kisha akaja kunikagua langu.