Ua Halina Daftari

Pikipiki ilifika Mtoni kwa Aziz Ali siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Kijana aliyeiendesha alikuwa amelifunga shada la maua kifuani kwa mtandio, kama mtoto mchanga, ili upepo usilipukutishe. Nyumba hakuijua. Nyumba za mtaa ule zina namba tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, lakini Temeke mtu bado hutafutwa kwa watu. Akauliza dukani kwa bibi aliyetoka hospitali ni wapi, akaelekezwa kwa fundi cherehani. Fundi akamkabidhi kwa watoto waliokuwa wakicheza, na watoto wakamtangulia mbio. Habari ikafika kabla ya maua. Majirani wawili wakatoka wakijitanda khanga vichwani, mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Jamani, msiba kwa nani?"

Hapakuwa na msiba. Mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alikuwa ametoka wodini wiki mbili kabla, na mwanawe anayefanya kazi Muscat ameshindwa kupata ruhusa ya kuja kumwona. Aliona kwenye simu picha za mwanamke anayefunga mashada Kinondoni, akaagiza. Maua yakashuka barabara ya Kawawa, yakapita Magomeni na Ilala, yakakata Chang'ombe, yakafika Mtoni yakiwa bado na matone ya maji. Kwenye kadi paliandikwa maneno manne: "Pole mama. Nakuombea dua." Mwandiko ulikuwa wa yule mwanamke wa Kinondoni, ambaye mama mdogo hajapata kumwona.

Swali la jirani halikunitoka kichwani kwa siku nyingi. Aliuliza alichofundishwa na maisha. Katika mji wetu, shada la maua likipita barabarani mikononi mwa mtu, mara nyingi linakwenda makaburini. Waliokuwapo Kinondoni Aprili 2012, siku alipozikwa mwigizaji Steven Kanumba, wanakumbuka umati uliofurika. Hata katika mazishi yasiyo na umati, kwa Wakristo mashada yana zamu yake: anaitwa mjane, wanaitwa watoto, wajukuu, wakwe, wafanyakazi wenzake, majirani, kila kundi likiinama na kuweka lake juu ya udongo mbichi. Kwa Waislamu hakuna shada, ingawa wako wanaochomeka tawi bichi kaburini, wakikumbuka Hadithi ya Mtume aliyeweka kuti bichi juu ya makaburi mawili. Kwa njia moja au nyingine, kitu kibichi chenye uhai tumezoea kumpa aliyekwisha kuondoka.

Na tazama jinsi lugha ilivyotutangulia. Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wakimsifu mtu husema, "Apewe maua yake." Mwalimu aliyefaulisha darasa, mchezaji aliyefunga bao, mama aliyesomesha watoto kwa kukaanga mihogo, wote hupewa maua yao kwa mdomo. Naupenda msemo huo, kwa sababu umetambua kwamba sifa ina wakati wake, na kwamba wakati huo ni sasa, masikio yakiwa bado yanasikia. Lakini mama mdogo ana miaka sabini na kitu, na lile la Jumamosi lilikuwa shada la kwanza kutumiwa maishani mwake. Maneno yameshajifunza kutoa maua, mikono bado.

Ningesema mikono imesahau. Mama mdogo ni mzaliwa wa Bagamoyo, na Pwani haikungoja duka la maua ndipo ijue ua ni nini. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, hutungwa kwenye uzi ikawa koja la shingoni au la nywele, kisha hufunguka usiku, chumba kizima kikajaa harufu. Kikuba hufungwa kwa asumini, mrehani na waridi, kikabanwa kifuani. Kitanda cha maharusi hutandazwa maua. Kwenye maulidi mrashi hupita mkono kwa mkono, ukinyunyiza maji ya waridi, na hayohayo hunyunyiziwa sanda. Watu wa Pwani walipeana maua tangu zamani, ila waliyapokea kwa pua kabla ya macho.

Ndiyo maana jambo la kwanza alilolifanya mama mdogo lilikuwa kuchomoa ua moja, kulisogeza puani, na kuvuta pumzi ndefu. Akanitazama. "Halinuki," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemkuta mgeni hana salamu.

Alisema kweli, na sababu yake ni safari. Mawaridi mengi ya madukani Dar es Salaam hutoka kaskazini, kwenye baridi ya Mlima Meru, pande za Usa River, ambako mashamba ya maua hulimia hasa soko la Ulaya. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua hayo imekuwa ikipita Namanga kwa malori hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, usiku huohuo yakaruka kwenda Uholanzi. Ua la safari ya namna hiyo huchaguliwa kwa shina refu, kichwa kigumu na siku nyingi ndani ya maji. Harufu ndiyo iliyotolewa ili mengine yapatikane. Yanayokuja kwetu hushuka kwa barabara, zaidi ya kilomita 600, kutoka hewa ya mlimani hadi joto letu.

Nilikwenda kumwona yule mwanamke wa Kinondoni, nikitaka tu kumshukuru. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati chenye ndoo sita za maji, akikata mashina mshazari kwa kisu kikali na kupukuta majani ya chini yasiozee majini. Maboksi yake hushushwa kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na huyafuata mwenyewe, maana ua halisubiri mtu amalize usingizi. Aliniambia mwezi mgumu kwake ni Februari: siku ya wapendanao inaangukia katikati ya joto kali la mwaka, kila mtu anataka waridi jekundu siku hiyohiyo, na lililobaki jioni halina mnunuzi kesho. Kazi yake yote ni kushindana na saa.

Nikamuuliza kuhusu kadi. Akasema anayempa kazi kubwa zaidi ni mteja aliye mbali. Wengine hutuma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, wengine hushindwa kabisa, wakamwambia, "Andika wewe, unajua cha kusema." Hapo huweka kisu chini, huosha mikono, na huwauliza: huyu mama unamwitaje mkiwa wawili? Hataki kuandika jina ambalo mwenye nyumba hatalitambua.

Wako wanaosema upendo wa kutumwa ni upendo pungufu, na kwamba aliyempenda mgonjwa angekuja mwenyewe. Nauheshimu uzito wa kuja. Hakuna shada linalofikia mwili wa mtu aliyekaa kitandani pako usiku kucha. Lakini sisi tunajua tangu zamani kwamba jambo zito hupita mkononi mwa mtu wa tatu. Posa haipeleki mwoaji, hupeleka mshenga, na mshenga mwema hulibeba neno la mwenzake kana kwamba ni lake. Salamu zetu zilisafiri kwa majahazi kati ya Unguja na Oman, kwa wasafiri walioambiwa, "Ukifika, mwambie." Yule mwanamke anayeosha mikono kabla ya kuandika "mama" kwa niaba ya mtoto asiye wake ni mshenga wa aina hiyo. Na kijana wa pikipiki aliyelifunga shada kifuani naye pia.

Lipo pingamizi zito kuliko hilo, na lilisemwa palepale barazani. Jirani yule, alipojua hakuna msiba, alilitazama shada, akapiga hesabu, akasema kwa huruma, bila husuda: "Angetuma hela, mama anunue mchele." Fedha ya shada lile ingenunua mchele wa siku kadhaa, na mafuta, na nazi. Siwezi kulipuuza neno hili, wala sitaki. Aliyelala na njaa usimpelekee waridi. Kwetu mgonjwa hupelekewa uji, mtori, machungwa, na desturi hiyo isiguswe, kwa kuwa huko ndiko heshima inakoanzia.

Lakini mchele ulikuwapo. Yule kijana wa Muscat hutuma fedha kila mwezi, na majirani walipika uji kwa wiki mbili. Shada lilikuja baada ya hayo, juu ya hayo. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona.

Mama mdogo ana daftari. Lina jalada la bluu, limekaa chini ya godoro, na ndani yake mmeandikwa michango: harusi ya binti wa fulani, kitchen party ya fulani, rambirambi, hitima, ada ya mtoto wa jirani. Kila jina lina kiasi, na kila kiasi kinangoja siku yake ya kurudi. Silidharau daftari lile hata kidogo. Mtaa mzima umesimama juu yake; maiti wamezikwa kwa heshima na wanawali wameolewa kwa shangwe kwa sababu mama zetu walikumbuka nani alitoa nini. Ila daftari huona vitu viwili tu, shida na deni. Ukiwa na shida, jina lako linaandikwa upande huu; shida ikimfika mwenzako, linahamia upande ule. Mtu anaweza kuishi miaka sabini ndani ya kurasa hizo, akisaidiwa na kusaidia, bila hata siku moja kupewa kitu kwa kuwa yeye ni yeye.

Ua haliingii daftarini. Haliliwi, haliuzwi tena, haliwekwi akiba, na halirudishwi kwa kiasi kilekile, kwa sababu mwezi ujao halipo. Fedha iliyotumwa ingekwenda kwa shida yake: dawa, umeme, karo ya mjukuu. Ua lilikwenda kwa mama mwenyewe, kwa mwanamke aliyekuwa msichana Bagamoyo na asumini kwenye nywele, kabla hajawa mtu wa kuhudumiwa wala kuhudumia. Nadhani ndiyo maana alilia. Alipoletewa uji alishukuru, alipotumiwa fedha alimwombea mwanawe dua. Alipopewa maua alikaa kimya, akashika kadi, machozi yakamtoka.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimezoea kuusikia msemo huo ukimtetea mtu mwenye kidogo. Naona unamtetea pia mtoaji wa kitu kisicho na matumizi, kwa sababu pale ambapo manufaa yameondolewa, moyo ndio unaobaki kuonekana. Na walisema wema hauozi. Ua huoza, siku ya tano maji yake hunuka na kichwa chake huinama. Linafundisha kuwa kuna wema usiohitaji kitu cha kudumu ili udumu, na kwamba mwenye kungoja wakati mzuri zaidi wa kumpa mama yake maua atakuja kuyaweka udongoni.

Sisemi kila mtu akanunue waridi. Mmea wa asumini ulioegemea ukuta wa uani hautozi kitu, na mtoto anaweza kutunga koja kwa uzi na sindano jioni moja. Nasema tu tujiulize, tukiisha kulipa michango yetu yote, ni nani aliye hai ambaye tumempa kitu bila shida yake kutuita.

Mchana ule mama mdogo aliagiza jagi la maji. Akalifungua shada, akaondoa nailoni na utepe, akayalaza maua mkekani, akayahesabu. Akamwita mtoto mmoja mmoja kati ya wale waliomleta mwendesha pikipiki, na kila mmoja akampa ua na jina la nyumba: kwa aliyelala naye wodini usiku wa kwanza, kwa aliyepika uji wa ulezi, kwa aliyefua mashuka, kwa jirani aliyeuliza msiba kwa nani. Mawili akayabakisha. Akayatia kwenye jagi pamoja na vijiti vya asumini vya uani, kisha akachukua mrashi kutoka kabatini. Ndani yake mna maji ya waridi ya Jabal Akhdar, milima ya Oman ambako watu huchuma maua alfajiri kabla jua halijawa kali, wakayachemsha na kunasa mvuke wake. Mwanawe alimletea safari ya mwisho. Akayanyunyizia mara tatu mawaridi yale ya Meru yasiyo na harufu. "Sasa," akasema, "yamefika nyumbani."

Baada ya muda mtoto mmoja akarudi anahema, ua bado mkononi. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa amemrudisha aulize: ua hili ni la shughuli gani, na mchango wake ni kiasi gani?

Mama mdogo akamfuta mtoto jasho kwa upindo wa khanga.

"Mwambie aliweke kwenye maji," akasema.