Je, ni Haki Kufuga Kiumbe kwa Ajili ya Macho Tu?

Sisi wakaaji wa Kalemie twahesabu samaki kwa beseni. Ndagala huanikwa juani, wengine huenda sokoni, wala hakuna aulizaye kama ni haki kuwavua, maana tumbo lina haki yake. Lakini wako samaki wa ziwa letu wavuliwao si kwa kuliwa. Katika miaka ya 1970 Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura, aliwapeleka ng'ambo wakiwa hai, na hata leo wako Wazungu wafugao samaki hao katika visanduku vya kioo, wakitia chumvi za namna namna ili maji yafanane na ya Tanganyika.

Wengine hawatosheki na samaki. Huweka maji ya bahari, wakatia sifongo na konokono wasio na gamba, wenye rangi kushinda kitenge kipya. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu viumbe hao hawalii wala hawakimbii.

Sifongo hula kwa kuvuta maji katika vitundu vyake na kuchuja chembe zisizoonekana kwa macho. Maji ya kioo yang'aayo kwa usafi ni jangwa kwake. Aina nyingi zikitolewa hewani hata kidogo, hewa huziba vitundu, nazo huanza kuoza. Naye yule konokono mara nyingi hula sifongo ya aina moja au chache tu. Mnunuzi asipoijua, kiumbe hutambaa kwa madaha siku nyingi huku akipungua mwili, hata afe. Bwana wake husema, umri wake ni mfupi. Ni kweli, wengi hawapiti mwaka; lakini njaa si uzee.

Wako wasemao kwamba sifongo haina mishipa ya fahamu, basi haisikii maumivu, basi hakuna kosa. La kwanza twalikubali, na la pili pia. La tatu halifuati. Maumivu si deni la pekee. Mtu afungaye mbuzi mtini hawezi kusema kwamba kutafuta majani ni kazi ya mbuzi. Kwa kamba ile amejitwalia kazi hiyo mwenyewe. Vivyo hivyo atoaye kiumbe majini amejitwalia kazi yote ambayo maji yaliifanya.

Hatusemi kioo ni dhambi. Ziwani mwetu mna visamaki wakaao ndani ya makombe matupu ya konokono, jamaa nzima mahali padogo. Hao huzaa vizuri katika kioo, na wanaowatazama kwa uvumilivu wamejifunza mengi ambayo sisi tuliozaliwa ufukoni hatuyajui. Samaki wa mawe ni habari nyingine. Hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila pwani ya mawe ina rangi yake. Wakivuliwa mno mahali pamoja, hawatoki wengine upesi kujaza nafasi.

Nani basi alaumiwe kiumbe akifa? Mzamiaji husema alimtoa akiwa mzima, msafirishaji husema alimfikisha, muuzaji husema alimtoa dukani akiwa hai. Mzamiaji ana watoto wa kulisha, nasi twasitasita kumhukumu. Mzigo mkubwa twauona kwa mnunuzi, kwa kuwa yeye peke yake angeweza kukosa kitu hicho asipungukiwe na lolote.