Mgeni wa Nani?

Anayepanga kwenda Kanda ya Ziwa wakati wa likizo ya Disemba hukuta njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua safari iliyokwisha kupangwa: unapokewa Kisumu, unapandishwa boti, unazungushwa visiwa vya Rusinga na Mfangano, unashushwa Mbita ambako gari linakungoja, kisha Mbuga ya Ruma, Ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, na ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga kule Migori, na siku ya nne unarudishwa ulikotolewa. Ya pili ni begi mgongoni, matatu hadi stendi ya Homa Bay, na kutoka hapo bodaboda, mashua na kuulizia. Mara nyingi watu huamua kwa mizani ya pesa na usalama, na kwa mizani hiyo hakuna la kubishania sana: mwenye mzazi mzee au watoto wadogo atanunua, kijana mwenye muda atajiendea. Lakini chini ya hesabu hiyo limelala swali kongwe ambalo dini na hekima za huku hazijawahi kulichukulia kwa wepesi, nalo ni hili: mtu akiwa ugenini, ni mgeni wa nani? Dai langu ni kwamba uhuru wa kujitembeza si mzigo anaofika nao msafiri begani. Ni kitu anachopewa na wenyeji baada ya kupokewa. Na safari zote mbili, jinsi zinavyouzwa na kusifiwa siku hizi, zinajaribu kuiruka hatua hiyo.

Ushahidi wa kwanza ni wa pwani, na ni wa zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu, mwaka 1331 hivi, alikuta desturi aliyoiona inafaa kuandikwa. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikisogelea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni alifikia kwa huyo tu, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyempunja mgeni kwa bei ya kutupa, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake akiwa hayupo, biashara yake haikukubaliwa. Kwa macho ya leo huo ni utalii wa kuongozwa kabisa, na tena wenye harufu ya ukiritimba. Sikatai. Ukarimu wa pwani haukuwahi kujifanya hauna hesabu. Ila Ibn Battuta aliongeza jambo moja ambalo wengi hulipita wanaposoma: mfanyabiashara aliyekwisha kuja mara nyingi, akawajua watu wa mji, huyo alifikia popote alipotaka. Kujiendea kulikuwepo, basi, na hakuna aliyekukataza. Kilichokuwa tofauti ni mahali pake katika mpangilio wa mambo. Kulikuja mwishoni, baada ya sahani nyingi.

Kwa nini kuwe mwishoni? Jibu rahisi ni adabu, lakini lipo jibu zito zaidi linalohusu kujua, na Thimlich Ohinga inalionyesha vizuri kuliko mahali pengi. Iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na UNESCO iliiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, kuta zake zikiwa na kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Hakuna saruji wala udongo wa kugandishia. Uso wa nje na uso wa ndani umepangwa kwa mawe makubwa yanayoshikana yenyewe, na katikati pamejazwa mawe madogo. Lango ni fupi, mtu mzima hulipita ameinama, na juu yake mawe marefu ndiyo yanayobeba uzito wa ukuta. Haya yote macho huyaona bila msaada. Yasiyoonekana ni sababu: kwamba anayeingia ameinama hawezi kuingia na mkuki ulioinuliwa, na kwamba wengine waliendelea kuishi humu muda mrefu baada ya wajenzi wa kwanza kuondoka. Jiwe halisemi hata moja kati ya hayo. Hata jina ni mlango uliofungwa kwa asiyejua Dholuo, lugha ya Waluo: *thimlich* ni msitu wa kutisha, *ohinga* ni boma la mawe. Anayejiendea bila kuuliza atatoka na picha nzuri za rundo la mawe.

Hapa msomi wa kisasa atapinga, na pingamizi lake si la kupuuzwa. Atasema kwamba mwongozaji naye anaweza kuwa amekariri tu, kwamba masimulizi ya waongozaji huongezwa chumvi kila msimu, na kwamba mtu mwenye kitabu kizuri anajua zaidi kuliko anayesikiliza hotuba ya dakika 40. Ni kweli kabisa kwamba wapo waongozaji wanaotunga. Lakini tuangalie tofauti iliyopo kati ya kitabu na mtu. Mtu unaweza kumwuliza, akakujibu, ukamwuliza tena. Tena mlinzi wa mahali au mzee wa kijiji cha jirani ataendelea kuwapo pale kesho, na jirani zake wanasikia anachosema, kwa hiyo uongo wake una gharama. Mwongozaji aliyetoka mbali na kundi lake hana gharama hiyo, kwa sababu keshokutwa yuko Maasai Mara akisimulia habari za nyumbu. Kwa hiyo pingamizi hili, likichunguzwa, halimpigi mwongozaji kwa jumla. Linampiga yule asiye mwenyeji.

Safari ya kuongozwa iliyo maarufu kuliko zote, kwa Waislamu angalau, imo katika Sura ya Al-Kahf, na nayo ilikuwa ya majini kwanza kisha nchi kavu. Nabii Musa alimfuata mja mwema, ambaye wafasiri humwita Khidhri, kwa sharti moja: asiulize lolote mpaka aelezwe. Walipanda chombo cha maskini, ambao kwa mujibu wa hadithi waliwachukua bila nauli, na Khidhri akakitoboa. Musa akashindwa kunyamaza. Akashindwa mara ya pili, na ya tatu. Wapo wanaosoma kisa hiki kama hoja ya kumtii kiongozi na kufunga mdomo, na wenye kampuni za utalii wangekipenda kwa usomaji huo: kaa kwenye kiti chako, fuata ratiba, maelezo yatakuja. Nadhani wanakikata kisa katikati. Khidhri hakumwacha Musa gizani. Kabla ya kuachana alimfunulia siri ya matukio yote matatu, na baada ya kufunua, wakaachana. Uongozi wake ulikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa maarifa kuhamia kwa mfuasi. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa safari ya kununuliwa. Je, imepangwa ili siku moja usiihitaji tena? Safari nyingi hazikupangwa hivyo. Boti inaondoka Mfangano saa nane kamili hata kama mzee aliyekuwa akieleza michoro ya mwambani ndiyo kwanza amefika kwenye jambo lenyewe.

Kuhusu Ruma sitasema mengi, maana hapo hoja ya kuongozwa inajisimamia. Bonde la Lambwe lina mbung'o, na vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyotundikwa vichakani ni mitego yao, kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Anayefika na shati la bluu iliyokoza ameingia bondeni amevaa mtego. Na korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amesalia mbugani humo tu, hajitokezi kwa asiyejua anakolisha asubuhi. Mwenye kudai uhuru mbele ya mbung'o na adai.

Sasa tumpe nafasi yake anayetetea kujiendea, kwa sababu hoja yake bora si ile ya bei. Anasema kwamba kundi la watu 20 ndani ya gari la vioo halikutani na mtu yeyote. Linakutana na wafanyakazi wa kampuni, na hoteli iliyokubaliana na kampuni, na duka la vinyago ambalo dereva hupata kamisheni. Aliyepanda matatu ya kutoka Rongo amebanwa kiti kimoja na mama mwenye kikapu, ameulizwa anatoka wapi, na shilingi zake zimebaki kwa mwenye chapati na mwenye boda. Nakubaliana naye karibu kote. Ninapoachana naye ni pale anapoliita jambo hilo kujitegemea. Yule mama aliyemwambia ashukie wapi, kijana wa boda aliyempitisha njia isiyo na tope, mwenye mashua aliyemwambia angoje upepo utulie, wote hao wamemwongoza, ila hakuwaajiri na pengine hakuwatambua. Msafiri wa namna hii ana waongozaji wengi kuliko mwenye tiketi ya kampuni. Kisha anarudi nyumbani kusimulia alivyozunguka peke yake. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe: anayedhani amejichanganya na watu, kila mtu amekwisha kumwona na wengine wamekwisha kumbeba.

Kosa la pande zote mbili linafanana, ukilitazama vizuri. Mnunuzi wa safari analipa ili asiweze kukataliwa: chumba kipo, chakula kipo, tabasamu lipo, limelipiwa. Anayejiendea anajivunia kutohitaji kukubaliwa. Wote wawili wanakwepa hali ile ya kusimama mlangoni bila kujua utajibiwa nini, na hali hiyo ndiyo ugeni wenyewe. Kwamba dini na mila zimeipa uzito huonekana Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi linalokaa katika shimo la volkeno, ambalo heroe hulitembelea. Masimulizi ya Waluo yanasema palikuwa na kijiji, usiku wa sherehe akaja kikongwe akiomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemhurumia. Mvua ikanyesha na kijiji kikazama, na jina la ziwa hubeba habari hiyo ya kuzama. Msomaji wa Biblia atakumbuka Lutu na wageni wake. Na katika safari ile ya Khidhri tukio la tatu ni mji uliowanyima chakula, yeye akausimamisha ukuta wao uliotaka kuanguka, bila ujira, na Musa akalalamika. Kosa ni lilelile, majibu ni mawili: maji huku, ukuta kule. Nikilinganisha visa hivi, naona havikubaliani juu ya adhabu, lakini vinakubaliana kwamba mlangoni pa mgeni pana jambo kubwa linaloamuliwa, na kwamba uamuzi ni wa mwenyeji.

Mtu atauliza kama ukarimu unaolipiwa bado ni ukarimu. Mogadishu imekwisha kumjibu: sahani ilikuja na biashara nyuma yake, na haikuacha kuwa sahani. Pesa haiui ugeni. Kinachouua ni haraka. Na hapa ndipo pingamizi gumu kuliko yote linapokuja, kwamba mfanyakazi wa Nairobi ana siku nne za likizo na hawezi kungoja kuwa mtu wa nyumbani Mbita. Basi apunguze orodha. Waswahili walimpa mgeni siku mbili, na ya tatu jembe, na ratiba ya siku nne kwa vituo sita haimfikishi popote kwenye siku ya tatu. Anakuwa mgeni wa siku ya kwanza mara sita. Siku nne zote Rusinga zingetosha kupelekwa siku ya kwanza Kasawanga kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kuelezwa kwa nini jengo lake lina umbo la risasi. Na siku ya nne kurudi huko mwenyewe kwa miguu, ukisalimia watu wanaokujua kwa jina.

Limebaki pingamizi moja, na hili ni la wenyeji, ambao katika mijadala hii huulizwa mwisho. Je, ngano ya Simbi inawafunga kumpokea kila ajaye? Fikiria ufuo wa Mbita asubuhi, wavuvi wamerudi na mitumbwi, na wanawake wanamwaga omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini na kuzisambaza kwa mikono ili zikauke kabla mvua haijaja. Mgeni anasimama juu yao na simu. Kama yuko na kundi, anadhani kampuni imekwisha kuomba ruhusa. Kama yuko peke yake, anadhani ufuo ni wa umma. Kikongwe wa Simbi aliomba chakula na mahali pa kulala, vitu ambavyo bila hivyo angekufa. Huyu anaomba picha. Mama mwenye omena akimgeuzia mgongo, au akamwambia alipe kwanza, au akamwambia aweke simu mfukoni ashike upande wa pili wa wavu, hajavunja sheria yoyote ya ukarimu, na hakuna mvua itakayotumwa juu yake. Mgeni atakayeshika wavu ataondoka na harufu ya omena mikononi isiyotoka kwa sabuni ya hoteli.