Usiivue kwa Sababu ya Joto

Neno la msingi: Waefeso 6:10-18, Kutoka 17:1-13, 1 Wafalme 19:1-8

 

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, kijana wetu mmoja alikuja kunisalimia pale mlangoni. Wengi wenu mnamjua. Alilelewa katika shule ya Jumapili ya kanisa hili, na leo ni afisa wa polisi anayehudumu kule Garissa. Jina lake nitaliacha kwa sababu ya kazi yake. Nikamwuliza, kama wazee tunavyouliza, "Kijana wangu, huko mnapigana na nini hasa?" Nilitarajia aniambie habari za majambazi na magaidi. Akacheka, akasema, "Pasta, siku nyingi kabla hujamwona adui yeyote, unapigana na joto."

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Usiku sikulala vizuri. Jumatatu nikampigia simu, nikamwambia, "Njoo unywe chai, unieleze tena pole pole." Yale aliyonieleza ndiyo nataka kuwapa leo.

Sisi wa huku juu tunavaa sweta mwezi wa Julai na bado tunalalamika. Garissa joto hupita digrii 35 na watu wanaendelea na shughuli zao. Sasa mweke askari katika jua hilo, halafu mvalishe fulana ya kuzuia risasi. Fulana hiyo si nguo ya kawaida. Ndani yake mna nyuzi ngumu zilizosukwa zikashikana sana, kama zile za Kevlar zilizovumbuliwa na mama mmoja mwanasayansi, Stephanie Kwolek, mwaka wa 1965. Kwa kazi za hatari zaidi, wanaingiza bamba gumu mbele na lingine nyuma. Ukiongeza helmeti, maji na risasi, askari amebeba kilo kumi na zaidi kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Na uzito si tatizo peke yake. Mungu alituumba na mwili unaokaa karibu digrii 37, na ukipata moto unatoa jasho. Lakini jasho halikupozi kwa kutoka tu. Linakupoza linapokauka, upepo ukipita juu ya ngozi. Fulana ile inazuia risasi, sawa, lakini inazuia na upepo. Kwa hiyo jasho linatiririka, halikauki, na joto linabaki ndani. Joto la mwili likipita digrii 40, mtu anaanza kuchanganyikiwa, anaanguka, na asiposaidiwa haraka anaweza kufa. Hakuna risasi iliyopigwa. Ameangushwa na joto lililofungiwa ndani ya kinga yake mwenyewe.

Mko hapo?

Ndipo kishawishi kinapokuja. Ni saa nane mchana, hakuna adui, barabara imenyamaza. Unasema, acha nifungue kidogo. Unafungua. Baadaye unaivua. Unaiweka kwenye kiti cha gari. Lakini wapendwa, risasi haikuulizi kama umevua kwa dakika tano tu.

Mtume Paulo alijua askari. Matendo 28:16 inatuambia kwamba alipofika Rumi alikaa na askari wa kumlinda, na katika Waefeso 6:20 anajiita balozi aliye katika minyororo. Mtu anayeishi karibu na askari anamwona asubuhi chuma kikiwa kinang'aa, na anamwona mchana jasho likimtoka. Na bado Paulo anatuambia tuzitwae silaha zote. Soma sura hiyo yote. Utapata dirii, utapata chapeo, utapata ngao. Hutapata mstari unaokuruhusu kuvua wakati wa joto. Sababu ameitaja: ni ili tuweze kusimama siku ya uovu, na siku hiyo haitumi ujumbe kwa simu kwamba iko njiani.

Lakini sikia vizuri, kwa maana hapa ndipo wahubiri wengi tunakosea, na mimi nikiwa wa kwanza. Tunawaambia watu, "Usivue! Usivue!" Hatuwaambii jinsi ya kuishi ndani yake. Nilimwuliza yule kijana, "Sasa nyinyi mnafanyaje?" Akanipa mambo matatu.

KWANZA: Unakunywa kabla ya kiu.

Alisema wakiwa kwenye kazi nzito juani wanafundishwa kunywa kama kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Haba na haba. Hungoji kiu, kwa sababu kiu ikija, mwili umeshaanza kupungukiwa. Na huli mara moja kwa siku, maana jasho linaondoka na chumvi, na chumvi inarudi kwa chakula.

Historia ina somo chungu hapa. Mwezi wa Julai 1187, jeshi la wafalme wa Kikristo waliokuwa wakitawala Yerusalemu liliacha chemchemi za Saforia, likaelekea Tiberia kupambana na jeshi la Salahuddin. Walitembea mchana kutwa katika jua la kiangazi, wamevaa mavazi ya chuma, na maji hayakuwatosha. Usiku wakalala na kiu. Asubuhi wapinzani wao wakawasha moto kwenye nyasi kavu, moshi ukawaingia puani. Ziwa la Galilaya lilikuwa pale chini, unaliona kutoka vilimani. Hawakulifikia. Tarehe 4 Julai jeshi lile lilivunjika huko Hattin. Sisemi haya kuchochea dini na dini. Nasema ili tujifunze. Chuma walikuwa nacho. Maji ndiyo hawakuwa nayo.

Sasa fungua Kutoka 17. Sisi hupenda nusu ya pili, pale Israeli wanapigana na Amaleki. Lakini nusu ya kwanza ni nini? Ni maji! Pale pale Refidimu, kabla ya vita, watu wana kiu, na Mungu anawatolea maji mwambani. Vita vinafuata baadaye. Mungu hakuwapeleka watu wenye kiu kwa Amaleki. Mwambie jirani yako: "Maji kwanza."

Kuna mtu hapa anaomba tu akiwa na shida. Neno analisoma mtoto akilazwa hospitalini. Huyo anakunywa baada ya kuanguka. Kunywa kidogo kidogo, kila siku: zaburi moja kwenye matatu, maombi ya dakika kumi kabla watoto hawajaamka. Ukingoja kiu, umechelewa.

PILI: Unaangalia kilicho chini ya dirii.

Mimi nilidhani kazi yote iko kwenye ile fulana. Akaniambia, "Hapana Pasta, siri iko kwenye nguo ya ndani." Wanavaa fulana nyepesi inayobana mwili kidogo na inayokauka haraka. Ukivaa pamba nzito, inalowa na kubaki imelowa, inakuchubua, na joto halitoki. Ukipata nafasi, unabadilisha. Na ile ya kuzuia risasi yenyewe hailoweshwi kwenye beseni kama jinzi. Kifuniko unakitoa unakifua, zile nyuzi za ndani unazipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na unazikausha kivulini, kwa sababu jua kali na maji vinazidhoofisha.

Wapendwa, kuna mtu amevaa dirii ya haki juu ya fulana iliyolowa uchungu wa 2019! Uliachwa, ulidhulumiwa shamba, ulisemwa na ndugu zako, na hujabadilisha nguo ya ndani tangu siku hiyo. Kwa nje unang'aa. Uko kwenye kwaya, uko kwenye kamati. Ndani unachubuka. Halafu unasema wokovu ni mgumu. Wokovu haujakuchubua. Kinachokuchubua ni kile ulichokataa kubadilisha. Samehe. Tubu. Vaa kitu kikavu.

TATU: Unamwangalia mwenzako.

Hapa yule kijana alinyamaza kidogo. Akaniambia, "Pasta, mtu anayeshindwa na joto mara nyingi hajui. Akili yake ndiyo inayovurugika kwanza. Ukimwuliza, anakwambia niko sawa." Kwa hiyo wanatazamana. Huyu mbona anayumba? Yule mbona anajibu maneno yasiyoeleweka? Aliwahi kumwona mwenzake akianguka. Walimpeleka kivulini, wakamfungua ile fulana yote, wakammwagia maji mwilini, wakampepea, wakaita daktari. Yule ndugu aliishi.

Nikamwuliza, "Lakini si mlisema haivuliwi?" Akanijibu, "Pasta, aliyeanguka tunamvua sisi. Na tunamvua kwa sababu sisi wengine tumesimama tukimlinda, tumevaa zetu."

Watu wa Mungu, nililia. Na nitawaambia kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mama katika idara ya maombi. Hakukosa kesha hata moja. Nyumbani alikuwa anauguza mume, watoto wanasoma, na biashara ya mboga inasuasua. Siku moja akaja ofisini, akaniambia, "Pasta, nimechoka. Hata kuomba siwezi." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia adui anamshambulia, na nikampa siku saba za kufunga. Mtu ameanguka kwa joto, nami nikamwongezea bamba lingine! Aliitikia kwa adabu, "Sawa Pasta." Sikumwona tena kanisani kwa muda mrefu. Nilisema amerudi nyuma. Hakurudi nyuma. Alianguka mbele yangu, na mimi sikutazama.

Someni Mungu anavyofanya. Katika 1 Wafalme 19, Eliya amekaa chini ya mti, anataka kufa. Ni nabii aliyeshusha moto! Malaika anakuja na kumgusa. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Kivuli, maji, usingizi. Maagizo ya kazi yalikuja baadaye.

Na kule Refidimu, mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Walimtafutia jiwe akakaa, kisha wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likatua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama yule nilimtafuta Jumanne wiki hii. Niliketi nyumbani kwake, nikamwomba msamaha. Alinipikia chai, mimi niliyekuja kumtunza! Hakuahidi kurudi, na sikumshurutisha. Nilimwuliza tu mume ataenda kliniki lini, na nani atabaki na kibanda siku hiyo. Akina mama watatu wa ushirika wa nyumbani wameshagawana zamu. Hizo ndizo silaha zote za Mungu kazini, wapendwa. Wengine wamesimama wamevaa, ili mmoja apumzike.

Kwa hiyo nakuomba leo, usiivue. Najua ni nzito. Najua ndoa yako ina joto, kazi yako ina joto, na kusema kweli mahali ambapo wote wanasema uongo kuna joto kali sana. Lakini usiivue peke yako, kisirisiri, pembeni mwa barabara. Ukilemewa, sema. Njoo kivulini. Tukufungue sisi, tukulinde sisi, mpaka upate nguvu, uivae tena.

Na wewe uliye na nguvu leo, mtazame jirani yako. Usikubali haraka lile neno "niko sawa."

Tuombe: Bwana, wewe ni kivuli chetu. Wape maji walio na kiu na hawajajua. Utupe macho ya kumwona anayeyumba, na mikono ya kumshika. Uwalinde vijana wetu walio Garissa, Wajir, Mandera na Lamu, wanaolinda usiku na mchana, uwarudishe nyumbani wakiwa hai. Katika jina la Yesu. Amina.

YA KUFANYA WIKI HII

1. Chagua saa yako ya "kunywa" kila siku, hata kama ni dakika kumi, na uishike.

2. Mtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye uchungu wake umekulowesha. Msamehe kwa jina.

3. Mpigie simu ndugu mmoja ambaye hujamwona kanisani kwa mwezi. Usimwulize mbona hayuko. Mwulize ana mzigo gani.

4. Yule askari wa lango letu husimama juani tangu ibada ya kwanza, na sisi hupita tukimwambia tu "Bwana asifiwe." Kuanzia Jumapili hii mashemasi watamwekea kiti na mwavuli. Wewe mpelekee maji.